Mwaka Mmoja na Swali Moja: Tathmini ya Shahada ya Heshima ya Falsafa

Niliposoma vijitabu vya vyuo kabla ya kujiandikisha, karibu vyote viliahidi kwamba falsafa itanipa fikra tunduizi, na hakuna hata kimoja kilichoeleza mwanafunzi wa falsafa hufanya nini hasa anapoketi mezani na kalamu mkononi. Sasa nimehitimu shahada ya kwanza ya heshima katika fani hiyo, miaka mitatu ya masomo ya kawaida na mmoja zaidi wa heshima, na ningependa kumwekea anayefikiria kuisoma maelezo ambayo mimi niliyakosa: kozi inatoa nini, inadai nini, inapwaya wapi, na kwa nini ningeichagua tena licha ya kasoro nitakazozitaja bila kuzipunguza. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea: miaka ya kawaida ya falsafa ni mizuri, lakini thamani ya kweli ya shahada hii imo katika tasnifu, na mtu asiyekusudia kuiandika tasnifu hiyo kwa moyo wake wote hana sababu ya kujiongezea mwaka.

Neno "heshima" lenyewe linahitaji ufafanuzi, kwa maana wengi wakilisikia hudhani ni ile shahada ambayo vyuo humtunukia kiongozi au msanii mashuhuri bila yeye kukaa darasani. Sivyo. Hapa heshima ni kiwango cha masomo, na kiwango hicho hakipangwi kwa namna moja kila mahali. Nchini Uingereza shahada ya heshima ndiyo inayosomwa na wanafunzi wengi, kwa kawaida kwa miaka mitatu, na Uskoti kwa minne, nayo hugawanywa katika madaraja kuanzia la kwanza, ambalo kwa desturi huhitaji alama 70 na kuendelea. Australia mara nyingi huwa ni mwaka wa nne anaokubaliwa kuusoma mwanafunzi aliyefanya vizuri katika mitatu ya mwanzo. Afrika Kusini ni shahada inayojitegemea, inayosomwa baada ya ile ya kwanza. Na Marekani vyuo vingi huitoa kwa mwanafunzi ambaye, pamoja na kuwa na alama za juu, ameandika tasnifu na mara nyingi akaitetea mbele ya wahadhiri. Anayelinganisha kozi za nchi mbili kwa jina tu atapotea. Ni afadhali aulize mambo mawili: kama kuna tasnifu, na kama kuna msimamizi atakayeisoma rasimu zaidi ya mara moja. Kozi niliyoisoma mimi ilikuwa na vyote viwili, na tasnifu ilipangiwa maneno kati ya 12,000 na 15,000.

Miaka ya mwanzo nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa haitofautiani sana na inavyoelezwa katika vijitabu. Historia ya falsafa ilianzia kwa Wagiriki, ikaruka karne nyingi hadi kwa Mfaransa René Descartes wa karne ya 17, ikaishia kwa Mjerumani Immanuel Kant wa karne ya 18. Maadili, metafizikia (uchunguzi wa asili ya vitu vilivyopo), nadharia ya maarifa na falsafa ya siasa zilipewa kila moja muhula wake. Mzigo wa kusoma haupimwi kwa wingi wa kurasa. Makala ya Edmund Gettier ya mwaka 1963, iliyotikisa maelezo yaliyozoeleka ya maana ya kujua, ina kurasa 3 tu, na darasa letu lilikaa nayo kwa majuma mawili bila kuimaliza. Anayependa kusoma vitabu vingi kwa kasi atapata shida hapa, ilhali anayeweza kurudia aya moja mara sita bila kuona kwamba amepoteza muda atajikuta nyumbani.

Kuna jambo dogo katika miaka hiyo ambalo sikuliona likitajwa popote, nalo lilinifundisha mengi kuhusu fani yenyewe. Pembezoni mwa vitabu vya falsafa huchapwa namba zisizolingana na za kurasa. Kazi za Plato hunukuliwa kwa namba za chapa ya Henri Estienne ya mwaka 1578, za Aristotle kwa namba za chapa ya Bekker iliyoanza kutolewa Berlin mwaka 1831, na kitabu kikuu cha Kant kwa herufi A kwa toleo la 1781 na B kwa lile la 1787. Mwanzoni niliona ni urasimu wa wasomi. Kisha nikakaa katika semina ya watu kumi, kila mmoja na tafsiri yake, mhadhiri akataja namba moja tu, na sote tukawa tumeshafika kwenye mstari uleule kabla hajamaliza kukohoa. Namba hizo ndizo zinazowawezesha watu wasio na kitabu kimoja kubishana juu ya sentensi moja, na kubishana juu ya sentensi moja ndiko kazi ya falsafa inakoanzia.

Mantiki ndiyo iliyotupunguza. Tulioanza tulikuwa ukumbi mzima. Muhula wa mantiki ulipokwisha, safu za nyuma zilikuwa tupu. Kozi ilianza na majedwali ya ukweli, yanayoonyesha ni lini sentensi iliyoungwa na nyingine huwa kweli au uongo, ikaendelea na uthibitisho wa mstari kwa mstari, ambamo kila hatua huandikiwa kanuni iliyoiruhusu, kisha ikaingia katika maneno "kila" na "baadhi" kwa alama ambazo msingi wake uliwekwa na Gottlob Frege mwaka 1879. Ufundishaji wake haukuniridhisha. Kanuni zilitolewa mfululizo kama amri za kukariri, mazoezi yakasahihishwa kwa vema na kosa bila neno la maelezo, na aliyeachwa nyuma juma la tatu hakuwa na njia ya kurudi isipokuwa kwa juhudi zake mwenyewe na za rafiki mwenye subira. Idara inayojua kwamba somo hili linawafukuza wanafunzi wake inapaswa kulipa saa za ziada za mazoezi katika vikundi vidogo, na kama chuo unachokifikiria hakina saa hizo, hesabu hilo kuwa kasoro kubwa.

Na bado ni somo ambalo singekubali liondolewe, kwa sababu ya tukio moja. Mwaka wa pili niliandika insha kuhusu chanzo cha kwanza cha ulimwengu na nikaiona imara kabisa. Nilikuwa nimesema kwamba kila tukio lina chanzo chake, kwa hiyo kuna chanzo kimoja cha matukio yote. Jioni moja, nikifanya zoezi la mantiki lisilohusiana hata kidogo na insha ile, niliandika kwa alama "kila mtoto ana mama," na chini yake "kuna mama mmoja wa watoto wote," nikaona kwa macho kwamba mstari wa pili hautoki katika wa kwanza: "kila" na "kuna" vimebadilishana nafasi, na kwa kubadilishana huko maana nzima imegeuka. Nilikwenda kuitafuta insha yangu, na kosa lilikuwa pale pale, ukurasa wa tatu, limevaa maneno mazuri. Hakuna mhadhara wowote ulionionyesha udhaifu wa maandishi yangu waziwazi namna hiyo.

Semina zilikuwa bora kuliko mihadhara, na sababu yake ni kanuni moja ambayo mhadhiri wetu wa metafizikia hakuwahi kuilegeza: hakuna aliyeruhusiwa kupinga hoja kabla hajaieleza upya kwa maneno yake, na mwenye hoja akakubali kwamba ndivyo alivyosema. Tuliisoma barua ambayo Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia, akiwa na umri wa miaka 24, alimwandikia Descartes mwezi Mei 1643 kumuuliza ni vipi nafsi, isiyochukua nafasi wala kugusana na kitu chochote, inaweza kuusukuma mwili. Mwenzetu mmoja alitaka kumtetea Descartes mara moja. Alizuiwa mara tatu, kwa kuwa kila alipolieleza swali la Elisabeth alilifanya jepesi kuliko lilivyo. Mara ya nne alilieleza sawasawa, akanyamaza, akasema kwamba sasa hana tena jibu alilokuja nalo. Ukimya ule darasani ulikuwa wa heshima, wala hakuna aliyemwona kuwa ameshindwa.

Sasa nije kwenye tasnifu, ambayo ndiyo mwaka wa heshima wenyewe. Mapendekezo yangu ya kwanza yalikuwa na kichwa kilichohusu ukweli na jamii, na msimamizi aliyarudisha akiwa ameandika chini yake kwamba hilo si swali bali ni maktaba. Ilinichukua majuma matatu kulipunguza mpaka likawa hili: je, mtu anaweza kusema anajua jambo ambalo ameambiwa tu? Wanafalsafa huliita suala la ushuhuda. Si suala la mahakama pekee. Kila mmoja wetu hutaja tarehe yake ya kuzaliwa bila kusita, na hakuna hata mmoja aliyeishuhudia kwa namna ambayo angeweza kuikumbuka. Tumeambiwa na wazazi, na karatasi inayoithibitisha iliandikwa na mtu aliyeambiwa pia. Ukiyaondoa maarifa ya kuambiwa, utabaki na machache sana ya jiografia, ya historia, ya tiba, hata ya ukoo wako mwenyewe.

Hoja kuu mbili za kale zilinisubiri. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika maandishi yake ya mwaka 1748, alishikilia kwamba tunawaamini mashahidi kwa sababu uzoefu umetuonyesha kuwa maneno yao kwa kawaida huafikiana na mambo yalivyo. Thomas Reid, Mskoti mwenzake, akiandika mwaka 1764, aliona kwamba kuamini tunachoambiwa ni mwelekeo tuliozaliwa nao, ulio na nguvu zaidi utotoni, na kwamba uzoefu huja baadaye kuupunguza tu. Niliamua kumuunga mkono Reid. Nikaandika sura ya kwanza kwa siku tisa, nikaipeleka kwa msimamizi nikiwa na furaha.

Ilirudi ikiwa na mduara wa kalamu ya risasi kuzunguka neno moja, "kwa hiyo," mara nne katika ukurasa mmoja. Hakuandika maoni mengine. Nilipokwenda ofisini kwake aliigeuza karatasi ikanielekea, akaweka kidole kwenye mduara wa kwanza, akauliza, "Hii umeitoa wapi?" Sentensi ilikuwa inasema kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kupima uaminifu wa kila anayemwambia jambo, kwa hiyo Hume amekosea. Nilimjibu kwamba ni dhahiri.

"Ni dhahiri kwako wewe," alisema. "Nikiwa Hume, nitakujibu nini?"

Nilikaa kimya, naye hakunisaidia. Alinipa chai, akaendelea na kazi zake nyingine huku mimi nikiitazama karatasi ile, na baada ya dakika kama ishirini niliona majibu mawili ambayo Hume angeweza kuyatoa. La kwanza ni kwamba mtoto huyo anaamini tu, bado hajui, na hivyo si mfano dhidi ya maelezo ya kujua. La pili lilikuwa gumu zaidi: kwa Hume mwenyewe uzoefu hufanya kazi kwa njia ya mazoea, bila mtu kukaa akapima wala kuhesabu, kwa hiyo mtoto asiyeweza kupima anaweza bado kuwa ameundwa na uzoefu. Hoja yangu niliyoiandika kwa mstari mmoja ilikuwa na shimo ambalo mstari mmoja usingeweza kuliziba. Lilihitaji sura nzima, na sura ya pili ya tasnifu yangu ilizaliwa hapo, katika kiti kile, kutoka kwenye mduara mmoja wa kalamu ya risasi.

Nilichokipata mwishoni kilitokana na jambo ambalo mwanafalsafa C. A. J. Coady alilisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ushuhuda. Hume anaposema "uzoefu" wetu umeonyesha kwamba ushuhuda hutegemeka, ni lazima tuulize ni uzoefu wa nani. Ukiwa ni wangu peke yangu, ni mdogo mno kuubeba mzigo huo, kwa kuwa ni ripoti chache sana nilizowahi kuzilinganisha na mambo yenyewe. Ukiwa ni wa watu wote, basi nimeupata kwa kuambiwa, na ushuhuda unajithibitisha kwa ushuhuda. Hoja hii haimthibitishi Reid. Inaonyesha tu kwamba njia ya Hume haiwezi kutufikisha anakotaka. Tasnifu yangu ilihitimisha jambo dogo kuliko nililoahidi katika mapendekezo, na msimamizi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliandika pembeni mwa hitimisho hilo: "Sasa umeitoa mahali."

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe. Katika miaka mitatu ya kawaida nilikuwa nimeandika insha zisizopungua thelathini, na kila moja iliachwa mara tu alama zake zilipotoka. Hakuna hata moja iliyonilazimisha kurudi kwenye kosa langu na kuishi nalo miezi minne. Mhitimu wa kawaida wa falsafa anajua hoja nyingi. Wa heshima amejenga moja, ameiona ikibomoka mikononi mwake, ameijenga upya ikiwa ndogo na imara zaidi. Tofauti hiyo haionekani kwenye cheti, lakini anayeketi na watu wa aina zote mbili kwenye meza ya mjadala huitambua mapema.

Lugha nayo ilinisaidia kwa namna ambayo kozi haikunielekeza. Tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, lakini daftari langu la rasimu lilikuwa la Kiswahili, na humo nilijikuta nikitofautisha "nimeamini," "nimemwamini" na "nimesadiki." Nilipoandika "nimemwamini," aliyelengwa na kitenzi alikuwa msemaji, na jambo alilolisema likaja nyuma yake. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba kumtendea anayetuambia jambo kana kwamba ni kipimajoto, cha kuhesabiwa mara ngapi amepatia, kunaacha nje uhusiano wa mtu na mtu ulio ndani ya ushuhuda. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, aliwahimiza wanafalsafa wa Kiafrika kuyapitisha matatizo ya fani hii katika lugha zao ili waone ni yapi yanabaki matatizo na ni yapi yanayeyuka. Nilimsoma kwa hiari yangu, mwaka wa nne, kwa kuwa hakuwa kwenye orodha.

Na hilo ni lalamiko langu la kwanza zito. Falsafa ya Kiafrika ilipewa mhadhara mmoja, juma la mwisho la muhula, wakati watu wanajiandaa kwa mitihani. Tuligawiwa kurasa za Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji aliyechapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, tukaachwa hapo, bila ukosoaji mkali ambao Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, aliuelekeza kwa mtindo huo wa kulisemea kabila zima kana kwamba lina wazo moja, na bila kazi ya Henry Odera Oruka wa Kenya, aliyewahoji wazee mmoja mmoja, kwa majina yao, akitafuta wale wanaoweza kuzihakiki imani za jamii zao wenyewe. Kumsoma Tempels bila hao wawili ni sawa na kusikiliza upande mmoja wa kesi na kuondoka. Vivyo hivyo, tulifundishwa kwa majuma kadhaa shaka ya Descartes, aliyetilia shaka kila kitu hadi akabaki na uhakika kwamba yeye yupo, bila kuambiwa kwamba Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu Mwajemi aliyefariki mwaka 1037, alikuwa ameshatutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa akielea hewani, haoni, hasikii, hagusi hata viungo vyake mwenyewe, na akauliza kama mtu huyo asingejua bado kwamba yupo. Kozi inayojiita ya falsafa pasipo kutaja mipaka yake inapaswa ama kuyafundisha haya, ama kukiri kwenye jina lake kwamba inafundisha sehemu moja tu ya fani.

Lalamiko la pili ni la usimamizi. Msimamizi niliyemweleza hapo juu hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikwenda likizo ya utafiti mwanzoni mwa mwaka wa heshima, na idara haikunijulisha. Nilituma barua pepe nne kwa muda wa majuma saba, nikidhani kazi yangu ndiyo inayomchosha, na ofisi ilinijibu kila mara kwamba nivute subira. Nilipopewa msimamizi mwingine, tarehe ya kukabidhi tasnifu ilisogezwa kwa siku kumi tu. Majuma saba katika mwaka wenye majuma yasiyozidi thelathini ya masomo ni hasara isiyofidiwa kwa siku kumi, na mwenzangu aliyepatwa na jambo kama hilo alijiondoa kwenye heshima akapokea shahada ya kawaida. Alikuwa na kichwa kizuri kuliko changu katika mantiki. Kwa kozi ambayo thamani yake yote imewekwa katika uhusiano wa mwanafunzi na msomaji mmoja makini, kuuacha uhusiano huo bila mtu wa akiba ni uzembe ambao siwezi kuupamba.

Kuhusu usahihishaji sina mengi. Tasnifu ilisomwa na watahini wawili, mmoja akiwa si msimamizi wangu, kisha nikaitwa kuitetea kwa dakika arobaini. Mtahini wa pili alianza kwa kuniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Niliitaja. Akaniuliza kama ninaijua au ninaiamini, na tukaenda hivyo mpaka muda ukaisha. Ulikuwa mtihani wa haki kuliko wote niliowahi kufanya, kwa kuwa hakuniuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi zangu. Insha za miaka ya chini, kinyume chake, zilirudi mara nyingi zikiwa na alama na maneno matatu ya pembeni, na mwanafunzi aliachwa akisie kwa nini 64 haikuwa 70.

Swali la kazi haliwezi kukwepwa, nami sitalizungushia maneno. Nje ya kufundisha, ni nadra kukuta nafasi inayotangazwa kwa cheo cha mwanafalsafa, na anayesoma shahada hii akitarajia imfungulie mlango wa taaluma fulani moja kwa moja atavunjika moyo. Kwa anayetaka kuendelea na uzamili au uzamivu hali ni tofauti: vyuo vingi humtaka mwombaji awasilishe sampuli ya maandishi yake, na sura moja iliyopigwa msasa ya tasnifu ya heshima ndiyo sampuli bora anayoweza kuwa nayo. Mimi sikuendelea. Ninahariri ripoti za watu wengine, na kila siku ninakutana na "kwa hiyo" isiyotoka popote. Ninaizungushia mduara na kumpigia mwandishi simu. Wengine wa darasa letu wameingia katika sheria, mmoja katika programu za kompyuta, ambako anasema mantiki ile iliyotufukuza inamsaidia kila siku.

Nisingempendekezea shahada hii mtu anayetafuta majibu ya maisha, kwa kuwa atapewa maswali yaliyonolewa zaidi na huenda akayaona ni usaliti. Nisingempendekezea pia anayependa kushinda mabishano. Atajifunza haraka kwamba semina nzuri huishia kwa watu kuondoka na misimamo waliyoipunguza. Ningempendekezea yule ambaye ana swali linalomrudia usiku, akalifukuza, nalo likarudi, na ambaye yuko tayari kuambiwa kwamba ameliuliza vibaya.

Huyo, kabla hajatia saini, aende idarani na aulize ni wanafunzi wangapi wanaosimamiwa na mhadhiri mmoja katika mwaka wa heshima, nani huchukua nafasi ya msimamizi anayeondoka, na mantiki ina saa ngapi za mazoezi kwa juma. Kisha apite maktaba. Vyuo vingi huhifadhi tasnifu za waliotangulia, na mkutubi akiombwa ataonyesha zilipo. Achukue moja, aruke utangulizi, ambao mara nyingi huandikwa mwisho na kupambwa, aende sura ya pili, kule ambako mwandishi yumo katikati ya matatizo yake. Asome taratibu akiwa na karatasi kando, na kila anapokutana na "kwa hiyo" ajiulize imetoka wapi. Akifika ukurasa wa kumi akakuta karatasi yake imejaa na bado anataka kumuuliza mwandishi jambo moja zaidi, arudi idarani siku hiyohiyo achukue fomu.